Maisha ya Guru Nanak, chimbuko la mlo wa bure katika hekalu la Makindu

KWA mkazi wa Kajiado au Kitengela anayefunga safari ya kwenda Mombasa, njia huwa ni ile ile. Huingia Athi River na kushika barabara kuu, akaviacha nyuma viwanda vya saruji, kisha akapita Konza, Sultan Hamud na Emali. Jua linapoanza kuchoma na watoto kulalamikia njaa, hutokea kando ya barabara mji mdogo wa Makindu, katika Kaunti ya Makueni. Hapo pana hekalu la Masingasinga ambalo mlangoni pake hapaulizwi kabila wala dini ya mtu.

Mgeni huvua viatu, akafunika kichwa kwa kitambaa, akanawa mikono na kuketi pamoja na wengine. Huletewa chapati, dengu na chai. Hakuna nyama, hakuna pombe wala tumbaku, na zaidi ya yote hakuna bei. Mwenye kutaka kutoa sadaka hutoa kwa hiari yake, na asiye na kitu huondoka na shukrani tu. Aliyefikiwa na usiku huweza kupewa hata mahali pa kulala.

Madereva wa malori, wafanyabiashara, wanafunzi na jamaa wanaosindikiza maiti wamepata riziki katika hekalu hilo kwa miaka mingi. Wengi wao hula wakaenda zao bila kujua ni nani aliyeuanzisha utaratibu huu. Jibu linapatikana katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki dunia mwaka 1539, mbali sana na nyika za Ukambani na Umaasaini. Jina lake ni Nanak, na wafuasi wake humwita Guru, yaani mwalimu.

Ni vyema maisha hayo yasimuliwe, kwa sababu pasipo kuyafahamu hekalu la Makindu huonekana kama mkahawa wa bure tu. Isitoshe, pana jambo moja la kushangaza. Mahujaji humiminika Makindu na kwingineko kwa heshima ya mtu ambaye katika uhai wake hakuamini kwamba hija peke yake humtakasa mwanadamu. Vipi basi mtu wa aina hiyo akawa na mahali pa kuhijiwa?

Mtoto wa karani wa ardhi

Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, eneo la Punjab, ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan. Kijiji hicho sasa ni mji unaoitwa Nankana Sahib kwa heshima yake, na umo nchini Pakistan, si mbali na jiji la Lahore. Baba yake, Mehta Kalu, alikuwa karani wa kuweka hesabu za ardhi na mavuno chini ya Rai Bular, Mwislamu aliyekuwa mmiliki wa eneo hilo. Mama yake aliitwa Tripta. Alikuwa na dada mmoja, Nanaki, aliyemtangulia kuzaliwa na ambaye husifiwa kuwa wa kwanza kutambua kwamba mdogo wake hakuwa mtoto wa kawaida.

Jamaa hiyo ilikuwa ya Wahindu wa tabaka la Khatri, watu wa biashara na kalamu. Desturi ilimtaka kila mvulana wa tabaka hilo avishwe uzi mtakatifu begani kuwa alama ya hadhi yake. Mapokeo yanasimulia kwamba siku ya sherehe ilipowadia na wageni wakakusanyika, Nanak aliukataa uzi huo mbele ya kuhani. Hoja yake ilikuwa kwamba uzi wa pamba huchafuka, hukatika na huteketea pamoja na maiti, ilhali mtu anahitaji kuvaa huruma na ukweli, mavazi ambayo hayachakai. Kwa mtoto wa umri huo lilikuwa tendo la kuiaibisha jamaa nzima.

Baba alijaribu kila njia kumwelekeza kwenye maisha ya kawaida. Alimkabidhi mifugo aichunge, lakini kijana alizama katika tafakuri chini ya mti, ng'ombe na nyati wa kufugwa wakaingia katika shamba la jirani na kula mimea. Wakazi wa Kajiado, ambako mfugaji na mkulima wamegombana mara nyingi kwa kisa kama hicho, hawahitaji kuelezwa jinsi jirani yule alivyowaka kwa hasira. Mapokeo yanaongeza kwamba shamba lilipokwenda kukaguliwa, mimea ilikutwa imesimama kama ilivyokuwa. Msomaji anaweza kuyapokea masimulizi hayo kwa imani au kwa tahadhari. Lililo wazi ni kwamba uchungaji haukumfaa.

Fedha zilizogeuka chakula

Hatimaye baba alimpa rupia 20, kiasi kikubwa kwa siku hizo, aende mjini akanunue bidhaa za kuuza kwa faida. Njiani Nanak alikutana na kundi la watawa waliokuwa hawajala kwa siku kadhaa. Alizitumia fedha zote kununua chakula akawalisha, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Mehta Kalu alighadhibika sana. Kijana alijitetea kwamba aliagizwa afanye biashara yenye faida, na hakuona faida iliyoshinda hiyo.

Masingasinga hukiita kisa hicho biashara ya kweli, na mahali kinaposemekana kutokea pana hekalu hadi leo. Wahenga wetu walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa Nanak jambo hilo lilikuja kuwa zaidi ya methali, kwa kuwa rupia 20 zile huhesabiwa na wafuasi wake kuwa mbegu ya jiko la bure lililomo katika kila hekalu lao, likiwemo la Makindu.

Kijana huyo hakuwa mvivu wala mtu asiyejua hesabu. Dada yake na shemeji yake, Jai Ram, walimchukua hadi mji wa Sultanpur, ambako shemeji alikuwa akimtumikia mtawala Mwislamu, Daulat Khan Lodi. Nanak aliajiriwa katika ghala la nafaka la serikali. Wakati huo kodi nyingi zililipwa kwa mazao, na mtunza ghala aliyekosa uaminifu angeweza kutajirika upesi. Wenye wivu walimsingizia kwamba anagawa mali ya mtawala, lakini kwa mujibu wa mapokeo hesabu zilipokaguliwa hazikuwa na upungufu wowote. Alioa mke aliyeitwa Sulakhni, wakajaliwa wana wawili, Sri Chand na Lakhmi Das.

Siku tatu mtoni

Yapata mwaka 1499, Nanak alipokuwa na umri wa karibu miaka 30, lilitokea jambo lililoyapindua maisha yake. Alfajiri moja alikwenda kuoga katika mto Bein kama ilivyokuwa desturi yake, asirejee. Nguo zake zilikutwa ukingoni. Daulat Khan aliamuru mto upekuliwe kwa nyavu, lakini hakupatikana. Watu walipokwisha kukata tamaa, siku ya tatu alitokea akiwa hai, akanyamaza kwa muda, na alipofungua kinywa alitangaza kwamba mbele ya Mungu hakuna Mhindu wala Mwislamu.

Ili kuelewa uzito wa tamko hilo, yafaa kukumbuka kwamba Punjab ya wakati huo ilitawaliwa na Waislamu huku raia wengi wakiwa Wahindu, nao Wahindu wenyewe waligawanyika kwa matabaka yaliyoamua nani ale na nani, nani achote maji katika kisima kipi na nani aingie hekaluni. Nanak hakumtaka mtu aache kuswali wala kuomba. Alisema tu kwamba Muumba ni mmoja, hana umbo la kuchongwa, na majina ambayo watu wamejipa hayamvutii. Alijiuzulu kazi ya ghala, akagawa mali yake na kuianza safari iliyodumu kwa zaidi ya miaka 20.

Hakwenda peke yake. Mwenzake alikuwa Mardana, Mwislamu wa tabaka la chini la wanamuziki, aliyetoka kijiji kimoja naye. Mardana alipiga rababu, chombo cha nyuzi, na Nanak akaimba tenzi alizozitunga mwenyewe. Kuwaona mtu wa tabaka la juu na Mwislamu maskini wakitembea, wakila na kulala pamoja kulikuwa fundisho tosha hata kabla ya wimbo kuanza.

Maji ya Haridwar na mkate wa seremala

Mapokeo ya Masingasinga yanasema safari hizo zilimfikisha Assam upande wa mashariki, Sri Lanka kusini, milima ya Tibet kaskazini, na Makka na Baghdad magharibi. Wanahistoria wanabishana kuhusu baadhi ya vituo, lakini visa vinavyosimuliwa vinafanana kwa jambo moja: Nanak alifika mahali patakatifu, kisha akauliza swali lililowakosesha watu usingizi.

Huko Haridwar, kwenye mto Ganges, alikuta mahujaji wakirusha maji kuelekea macheo ya jua ili yawafikie wazee wao waliokufa. Yeye aligeuka akaanza kurusha maji upande wa magharibi. Walipomuuliza sababu, alieleza kwamba anamwagilia shamba lake kule Punjab. Wakamcheka. Naye akawataka wafikiri: ikiwa maji hayawezi kufika shambani umbali wa siku chache, yatafikaje ng'ambo ya kaburi? Huko Makka nako, inasimuliwa kwamba alijilaza kwa uchovu miguu ikielekea Al-Kaaba, na alipokemewa aliomba kwa upole aelekezwe upande ambao Mungu hayupo.

Kisa kilicho karibu zaidi na historia ya Afrika Mashariki ni cha mji wa Saidpur, ambao sasa huitwa Eminabad. Nanak alifikia kwa Lalo, seremala maskini, akakataa karamu ya Malik Bhago, afisa tajiri wa mji huo. Alipodaiwa sababu, alishika mkate wa tajiri kwa mkono mmoja na wa seremala kwa mkono wa pili, akaikamua. Masimulizi yanasema wa tajiri ulitoka damu na wa seremala ukatoka maziwa. Maana yake haikuhitaji mfasiri: chakula kilichopatikana kwa jasho la mwingine kina damu ndani yake.

Mji huo huo ulivamiwa yapata mwaka 1521 na majeshi ya Babur, mwasisi wa ufalme wa Mughal. Watu waliuawa na wanawake wakatekwa. Nanak aliyashuhudia hayo, na zimo tenzi zake zinazoomboleza maafa hayo na kuwalaumu watawala walioshindwa kuwalinda raia. Mapokeo yanasema yeye mwenyewe alitiwa kizuizini kwa muda. Ni ushahidi kwamba mafundisho yake hayakuwa ya mtu aliyejitenga na machungu ya dunia.

Kartarpur, mji wa Muumba

Baada ya kuzunguka kote huko, ingetarajiwa kwamba Nanak angejichimbia pangoni kama watawa wengi. Badala yake alivua nguo za msafiri, akavaa za mkulima, akatulia ukingoni mwa mto Ravi katika makazi aliyoyapa jina la Kartarpur, yaani mji wa Muumba. Huko aliishi na mke wake na wanawe takriban miaka 18 ya mwisho, akilima kwa mikono yake mwenyewe.

Waliomfuata aliwawekea misingi mitatu: kumkumbuka Mungu daima, kula kwa jasho halali, na kugawana na wengine kile mtu alichopata. Alfajiri waliimba na kuomba, mchana wakafanya kazi mashambani, kisha wakala pamoja chakula kilichotokana na mavuno ya wote. Chakula hicho ndicho kinachoitwa langar. Wote waliketi chini kwa safu moja: kuhani na mfagiaji, mwanamume na mwanamke, tajiri na fukara. Katika nchi ambamo mtu wa tabaka la juu alijiona amenajisika kwa kuguswa tu na kivuli cha mwingine, safu hiyo ilikuwa mapinduzi yasiyomwaga damu.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la lile swali la hija. Nanak hakupinga watu kusafiri kwenda mahali patakatifu. Alichopinga ni imani kwamba maji, jiwe au upande fulani wa dunia humsafisha mtu ambaye moyo wake haujabadilika. Katika Kartarpur aliweka kitu ambacho mtu hawezi kukiabudu kwa mbali. Ni lazima aketi na akubali kula pamoja na yule aliyemdharau jana. Mahali panapofanyika hivyo ndipo patakatifu, iwe ni ukingoni mwa Ravi au katikati ya vichaka vya Makindu.

Kuhusu urithi, Nanak aliwashangaza wengi kwa kutomchagua mmoja wa wanawe. Mwaka 1539 alimteua mfuasi wake mnyenyekevu, Lehna, akampa jina la Angad. Huo ukawa mwanzo wa msururu wa Maguru 10, ulioishia kwa Guru Gobind Singh aliyefariki mwaka 1708. Tangu hapo kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, ndicho kinachoheshimiwa kama Guru wa kudumu, na zimo ndani yake tenzi za Nanak zipatazo 974.

Maua badala ya mwili

Guru Nanak alifariki dunia Septemba 22, 1539, akiwa na umri wa miaka 70. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikaribia kukata roho, wafuasi wake wa Kihindu walitaka kumchoma kwa desturi zao na wa Kiislamu walitaka kumzika kwa desturi zao. Aliwaagiza waweke maua pande mbili za mwili wake, na wale ambao maua yao yangekuwa hayajanyauka kesho yake ndio wapewe mwili. Asubuhi walipoinua shuka hawakuukuta mwili, ila maua ya pande zote mbili yakiwa mabichi. Waligawana shuka, wengine wakaichoma sehemu yao, wengine wakaizika.

Hadi leo Kartarpur ina kaburi na mnara wa ukumbusho, alama mbili za mtu mmoja aliyekataa kugawanywa. Mto Ravi uliwahi kuyasomba majengo ya awali, na jengo lililopo lilisimamishwa katika miaka ya 1920 kwa ufadhili wa Bhupinder Singh, Maharaja wa Patiala.

Yasikitisha kwamba mahali hapo hasa ndipo palipokatwa na mpaka. India na Pakistan zilipotengana mwaka 1947, Kartarpur ilibaki Pakistan, kilomita chache tu kutoka mpakani, ilhali Masingasinga wengi walijikuta upande wa India. Kwa miaka mingi mahujaji walisimama upande wao wakilitazama hekalu kwa darubini. Novemba 9, 2019, katika maadhimisho ya miaka 550 tangu Nanak azaliwe, nchi hizo mbili zilifungua njia maalumu ya kuwavusha mahujaji bila viza. Ilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, ikafunguliwa tena Novemba 2021, na Mei 2025 India ikaifunga upande wake baada ya mapigano na Pakistan. Mtu aliyefariki akiwapatanisha watu anatenganishwa na wafuasi wake kwa ugomvi wa majirani.

Mafundi wa reli

Mafundisho ya Nanak yalifika kwetu kwa njia ya chuma. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 miongoni mwao walipoteza maisha kwa maradhi, ajali na simba. Masingasinga wengi walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi na wa mitambo. Walikuwa, kwa maneno mengine, jamii ya yule Lalo wa Saidpur, watu wanaokula mkate wa jasho.

Makindu ilikuwa kituo muhimu cha kazi hiyo. Wafanyakazi walikusanyika hapo baada ya kazi kumsifu Mungu, na haikuwa ajabu Wahindu na Waislamu kuungana na Masingasinga katika mikutano hiyo. Mwaka 1926 Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao hapo. Baadaye umuhimu wa kituo ulipungua na familia nyingi zikahamia Nairobi na kwingineko. Mji ungeweza kusahaulika pamoja na hekalu lake. Lakini barabara kuu ilipita karibu, magari yakachukua nafasi ya garimoshi, na jiko likaendelea kuwaka. Leo hekalu hilo ni kituo cha hija kwa Masingasinga wa Afrika Mashariki nzima na wazao wao waliotawanyika Uingereza, Canada na kwingineko.

Kajiado nayo haikuwa mbali na historia hiyo. Katika miaka ya 1910 ilijengwa reli ya tawi kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado hadi Magadi, kwa ajili ya kusafirisha magadi ya ziwa hilo. Jina Kalasinga, ambalo Wakenya wengi hulitumia kwa Singasinga yeyote, linasemekana kutokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za ukoloni aliyejulikana kwa kufanya biashara na Wamaasai. Jijini Nairobi, jina la Nanak mwenyewe limebebwa na hospitali ya jamii hiyo iliyoko Ngara.

Fundisho kwa Kitengela na Kajiado

Yapo mambo katika maisha haya yanayomgusa mkazi wa Kitengela na Kajiado moja kwa moja. Wamaasai wana neno osotua, ambalo asili yake ni kamba ya kitovu, na ambalo hutaja uhusiano wa kusaidiana kati ya watu wawili. Mwenye osotua huomba tu anapopungukiwa kweli, naye anayeombwa hutoa kadiri awezavyo, na kilichotolewa hakihesabiwi kuwa deni. Nanak na wazee wa Kimaasai hawakuonana kamwe, lakini wangeelewana bila mkalimani. Tofauti ni kwamba osotua huwafunga waliofahamiana, ilhali safu ya langar humpokea hata mpita njia asiyejulikana jina.

Tofauti hiyo ndiyo inayohitajika sasa. Uwanda wa Kitengela, uliokuwa wazi kwa mifugo na kwa pundamilia na nyumbu wanaotoka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, umekatwakatwa kwa nyua tangu ranchi ya pamoja ilipogawanywa katika miaka ya 1980. Mji umejaa watu wa kila kabila waliokuja kutafuta riziki na makazi, na kila uchaguzi unapokaribia husikika minong'ono kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwaua ng'ombe wengi wa Kajiado, na wafugaji waliokuwa wakitoa wakajikuta wakipokea. Hali kama hiyo huumiza zaidi pale ambapo msaada huja pamoja na dharau, mpokeaji akipangwa foleni na kupigwa picha.

Katika safu ya langar hakuna anayepewa kwa dharau, kwa kuwa hata tajiri huketi chini na kupokea. Mapokeo yanasema hata mfalme Akbar, mjukuu wa yule Babur aliyeiteketeza Saidpur, alipomtembelea Guru wa tatu, Amar Das, alitakiwa kwanza kuketi na kula pamoja na watu wa kawaida, naye akakubali. Mjukuu wa mvamizi alikalishwa chini kwa chapati tu, pasipo upanga.

Basi msafiri wa Kajiado atakaposimama tena Makindu, akavua viatu na kushika chapati kwa mikono miwili, akumbuke karani mmoja wa nafaka aliyezitumia fedha za baba yake kuwalisha wenye njaa. Hakuna mfupa wake wala unywele wake unaotunzwa katika hekalu hilo ili watu wauguse. Kilichohifadhiwa ni ile safu aliyoipanga, na kila anayeketi ndani yake, Mkamba, Mmaasai, Mkikuyu au Mhindi, amekwisha kuhiji hata kama alikuwa amesimama kupumzisha gari tu. Kazi ngumu huanza akirudi nyumbani, atakapomkuta jirani yake ng'ambo ya ua na kuamua kama atamkaribisha aketi naye wale.